Nilisema Wamekwenda Kliniki

Nilikuwa nimekula kiapo kwa ajili yao. Si kiapo cha mdomo tu. Kilikuwa cha karatasi, chenye muhuri wa wakili, kwamba mimi Faudhia Said, mfumaji wa masweta, mkazi wa Sokon I, ninawafahamu Mghoi na mumewe Mwakio kwa miaka minne, ni majirani zangu, ni watu wema, na sijawahi kuona wala kusikia jambo lolote la kuzuia mtoto akae kwao. Wakili Lydia alinisomea mara mbili, nikatia sahihi. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikijiona mtu mkubwa.

Walikuwa Wakenya, Wataita wa Wundanyi. Ukitoka Arusha alfajiri unafika kwao jua bado liko juu, lakini mbele ya sheria Mtaita na Mswidi ni wamoja: wote wageni. Mghoi alikuwa akiangalia magonjwa ya mimea kwenye shamba la maua upande wa Usa River. Mumewe alichimba visima, na akienda kazini Longido anaweza kukaa wiki mbili mahali ambapo simu haishiki. Mungu hakuwajalia kuzaa. Ndipo wakaanza kwenda kituo kimoja cha watoto kule Kisongo, na huko wakamwona Nashipae.

Mtoto huyo aliokotwa siku aliyozaliwa, kando ya mnada wa ng'ombe, amefungwa kwenye shuka. Polisi waliandika, gazeti likatangaza, hakutokea mtu. Jina alipewa na walezi wa kituo. Aliletwa kwa Mghoi akiwa na mwaka na nusu, kwa utaratibu unaoitwa malezi ya kambo: unamlisha, unamwogesha, unakesha naye akiugua, lakini si wako. Afisa ustawi wa jamii anakuja kuangalia. Wakati mwingine anapiga simu kwanza, wakati mwingine hapigi.

Kuasili kwenyewe ni jambo la mahakama, na mahakama inataka faili. Cheti cha polisi cha tabia njema, cha nchi zote mbili. Vipimo vya afya. Vibali vya ukaazi. Na barua ya ustawi wa jamii wa kwao Kenya, kusema kwamba watu hawa wanafaa na kwamba mtoto atatambuliwa huko. Barua hiyo ilichukua miezi kumi na minne. Ilipofika, jina la Mghoi lilikuwa limekosa herufi moja, ikarudishwa. Ilipokuwa njiani, cheti cha tabia njema kikaisha muda, wakaomba kingine. Kesi ilipofunguliwa ikaahirishwa mara tatu. Nashipae alikuja hajui hata kusema maji. Sasa alikuwa na miaka minne na alinisahihisha nilipokosea rangi za nyuzi.

Katika muda wote huo kulikuwa na sharti moja ambalo Mghoi alilijua kama jina lake: mtoto asivuke mpaka wa nchi kabla ya amri ya mahakama. Geti lilipogongwa, Mghoi alisimama wima hata kama ni mwuza mboga. Nimemwona kwa macho yangu akimlisha mtoto, kijiko kikabaki hewani mpaka aliyegonga aseme jina lake.

Mwezi wa sita, mama yake Mghoi alizidiwa. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, na Nashipae alimjua kwenye simu tu. Alikuwa akisema, "Mlete huyo mtoto nimshike kichwa." Mghoi alikwenda kwa wakili. Lydia akamwambia ataandika ombi la kibali, lakini ombi linasikilizwa siku linapopangiwa. Pengine wiki tatu, pengine zaidi.

"Mama hana wiki tatu," Mghoi aliniambia jioni ile, amesimama mlangoni kwangu. Mwakio alikuwa Longido, hapatikani.

"Niachie mimi Nashi, wewe nenda," nikamwambia.

"Anamtaka Nashi, mama. Mimi ameniona miaka thelathini na sita."

Nilimwambia asifanye ujinga. Akasema hafanyi. Nikaamini, au nilitaka kuamini, kwa sababu nilikuwa na oda ya masweta ya shule na mikono yangu ilikuwa kwenye mashine.

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Niliamka nikaona kufuli kwenye geti lao, na ujumbe wake kwenye simu, akiniita kwa jina la mwanangu: "Mama Nusura, nimeondoka na Nashi. Narudi kesho. Tafadhali usimwambie mtu." Niliusoma nimesimama uani, ukungu umeshuka hadi kwenye paa. Nikaufuta. Kisha nikaogopa kwamba nimeufuta.

Saa nne, geti langu likagongwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Alikuwa Bwana Elinami Sumari, afisa ustawi wa jamii, Mmeru mrefu mwenye sauti ndogo. Koti lake lilikuwa na matone ya manyunyu. "Nimepita kwa jirani yako nimekuta kufuli," akasema. "Simu yake haipatikani. Kazini wameniambia ameomba ruhusa. Unajua walipo?"

Nimefikiria sana swali lile tangu siku hiyo. Ningeweza kusema sijui. Lingekuwa uongo pia, lakini mdogo. Mdomo wangu haukunisubiri.

"Wamekwenda kliniki. Mtoto alikuwa na homa."

"Kliniki gani?"

"Hakuniambia."

"Basi nitawasubiri kidogo."

Akaketi kwenye kigoda changu, katikati ya masweta ya kijani, akafungua faili magotini. Mimi nikarudi kwenye mashine. Hakuna mtu anayejua kelele ya mashine ya kufuma kama mimi, ile kwenda na kurudi, lakini asubuhi hiyo niliisikia kama inasema kitu. Nilidondosha mishono mkono mzima wa sweta. Akaniuliza kama mtoto anaumwa mara kwa mara. Nikasema hapana, ni baridi ya Juni. Akaniuliza kama Mghoi huongelea kurudi kwao. Nikasema ana kazi nzuri hapa, arudi kufanya nini. Kila jibu nililotoa lilidai jingine la kulishikilia lisianguke.

Alikaa saa nzima. Kisha akasimama, akaandika mistari michache, akanigeuzia karatasi. "Mama, naomba sahihi yako hapa, kwamba jirani amesema wamekwenda kliniki. Nikija tena nitaangalia kadi ya mtoto."

Niliandika jina langu. Alipotoka niliendelea kushika kalamu yangu ya kuhesabia mishono mpaka vidole vikauma.

Mghoi alirudi siku hiyo hiyo, kabla ya magharibi. Nilimsikia akihangaika na kufuli, nikatoka mbio. Viatu vya mtoto vilikuwa na vumbi jekundu. Mghoi alikuwa amekauka midomo, na aliponiona alinipa mtoto mikononi kana kwamba njia nzima alikuwa akisubiri kumwona mtu anayemjua.

Tulimpa mtoto uji, kisha Mghoi akanieleza. Walipanda basi mpaka Moshi, na gari dogo mpaka Holili. Jumatano ni siku ya soko upande wa pili, Taveta, watu wanamiminika kwa vichochoro wakiwa na mizigo ya ndizi na vitunguu. Hakuna anayewauliza kitu. Kaka yake alikuwa amemwelekeza: usiende ofisi za mpakani, tafuta pikipiki, dakika kumi uko Kenya. Akapata mwenye pikipiki, mtu mzima, ndevu zimeanza mvi.

"Akaniuliza, 'Mtoto wako?' Nikasema wangu. Akasema, 'Haya, pandeni.' Basi, mama. Ni hilo tu. Mimi nimesubiri miaka miwili na nusu kuulizwa swali hilo na watu wenye mihuri, na yule aliridhika kwa neno moja."

Wakaingia njia ya mashambani, kati ya mahindi. Nashipae alikuwa katikati yao, anafurahia upepo. Na hapo yule mwanaume akageuza kichwa kidogo, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyouliza kama utashukia sokoni au stendi:

"Huyu unarudi naye, au unamwacha huko?"

Mghoi akasema, "Nimwache wapi?"

"Sijui. Wengine huwaacha. Mimi nauliza tu nijue kama nikusubiri."

"Nilimwambia asimame," Mghoi akasema. "Akadhani nimedondosha kitu. Nilishuka na mtoto, nikakaa chini kwenye mahindi. Nilimwangalia Nashi nikawaza, kama mimi nimempitisha hapa kwa neno moja, nani mwingine anaweza kumpitisha? Nilijiona kama mmoja wao, mama. Nilijiona kama wale wanaowaacha."

Walirudi kwa miguu mpaka Holili. Akampigia kaka yake, simu ikawekwa kwenye sikio la bibi, Nashipae akasema shikamoo bibi, mara tatu, kwa sababu hakujibiwa. Kaka akasema bibi amesikia.

Ndipo ikawa zamu yangu. Nikamweleza habari za Sumari, kigoda, kliniki, kadi. Mghoi hakunilaumu. Aliweka kichwa mezani. "Ina maana tumeshaandikwa," akasema. "Ningefika nyumbani nikasema ukweli. Sasa kuna karatasi."

Mama yake alifariki Ijumaa. Mwakio alipatikana siku hiyo hiyo, akarudi Jumamosi na matope ya Longido kwenye buti, na mkewe akaenda kuzika peke yake. Kabla hajaondoka alimweleza mumewe kila kitu mbele yangu. Mimi, kwa hofu yangu, nikaongeza la kwangu: nina binamu kwenye zahanati moja, anaweza kuandika kwenye kadi tarehe ile, homa, dawa ya kushusha, mambo yakaisha.

Mwakio ni mtu asiyesema sana. Alinitazama mpaka nikatazama pembeni.

"Mama Nusura," akasema, "karatasi za mtoto huyu zinaanza na uongo wa mtu aliyemtupa. Hakuna mtu atakayeongeza mwingine."

Kisha akatoka nje kuvua buti.

Mghoi aliporudi kutoka mazishini, amenyoa nywele, alinijia na mpango wake. Atakwenda kwa Sumari kukiri safari ya Holili. Lakini mimi atanikinga. Atasema yeye ndiye aliyeniambia wanakwenda kliniki, kwamba alinidanganya, na mimi nilirudia nilichoambiwa. "Wewe umetia sahihi mara mbili, mama. Kiapo na ile ya Sumari. Mimi nimeshaharibikiwa, lakini wewe uko mlangoni mwako, umezeeka hapa. Usiingie matatani kwa ajili yetu."

Ningependa kusema nilikataa. Sikukataa. Nilisema, "Ahsante, mwanangu." Usiku huo nililala. Na siku sita zilizofuata niliishi kama mtu aliyeponyoka kwenye ajali, huku yeye akisubiri Sumari arudi kutoka safari ya kikazi wilayani. Siku ya saba Nashipae alikuwa kwangu, anapanga madonge ya nyuzi, akaniambia bila kuinua kichwa: "Bibi, mama anasema nikiulizwa na baba Sumari niseme ukweli wote. Ukweli wote ni nini?"

Nikamwambia ni kusema kilichotokea. Akasema, "Tulipanda pikipiki." Nikasema ndiyo. "Wewe ulikuwepo?" Nikasema hapana. "Basi wewe huna ukweli," akasema, akaendelea na madonge yake.

Asubuhi iliyofuata, Sumari akiwa amerudi, nilivaa baibui jipya nikaenda ofisini kwa Sumari kabla ya Mghoi. Korido ilikuwa imejaa watu wanaosubiri, nami kila aliyeitwa nilitamani niwe mimi, na tena nisiwe mimi. Nilipoingia nilisema yote kwa mkupuo mmoja, hata salamu sikuimaliza. Nilisema hakuna aliyenidanganya. Nilijua wako wapi, nikasema kliniki kwa kinywa changu.

Sikuwa nimewahi kumwona Sumari akiogopa. Alifunga mlango, akakaa, akajisugua paji la uso. "Mama, ripoti yangu imeshakwenda mahakamani. Ilikwenda Ijumaa ile ile, kabla sijasafiri. Nimeandika kwamba mtoto alipelekwa kliniki, kwa maelezo ya jirani. Nimetia sahihi."

Tukabaki tunatazamana, watu wawili wenye sahihi zilizooza.

"Kwa nini hukusubiri kadi?" nikamuuliza. Swali la kipumbavu, lakini lilinitoka.

"Kwa sababu nilikuamini," akasema.

Akanipa karatasi tupu na kalamu. Akasema niandike mwenyewe, kwa mkono wangu, nisiache kitu, naye ataandika ripoti ya nyongeza. Niliandika kurasa mbili. Nilipomaliza nikamuuliza lile nililokuwa nimelibeba tangu Jumatano ile: "Watamchukua mtoto?"

Nilitegemea aseme hapana, au ndiyo. Akasema, "Sijui, mama. Kwa kweli sijui."

Mghoi alimkuta Sumari saa sita mchana huo huo, akakiri ya kwake. Akakuta yangu iko mezani.

Zilibaki siku kumi na moja mpaka tarehe ya kesi. Sitazisahau. Mghoi alifua nguo zote za mtoto, akazikunja, kisha akaona zimekunjwa kama za safari, akazikunjua zote na kuzitupa kabatini. Gari la serikali lilipopita mtaani tulinyamaza. Siku moja lilisimama, mlango ukafunguliwa, Mghoi akambeba mtoto akakimbia nyuma ya nyumba yangu mpaka kwenye banda la kuku. Walikuwa watu wa maji, wanaangalia mita. Nilimtoa bandani mwenyewe, manyoya kichwani, mtoto anacheka.

Kesi za namna hii hazisikilizwi hadharani. Tuliingia chumba cha jaji, meza ndefu, mapazia ya kijani yaliyofifia. Jaji alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni. Aliisoma ripoti ya nyongeza tukiwa tumekaa, ukurasa kwa ukurasa.

Mimi niliitwa kwanza.

"Hii ni sahihi yako? Na hii? Na hii ya kurasa mbili?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mbili zinapingana na moja. Ulidanganya kwa sababu gani?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Yote yaliyeyuka. "Niliwaogopa nyinyi," nikasema. Nikasikia Lydia akivuta pumzi.

Jaji aliandika. Hakukasirika, wala hakutabasamu. Akamgeukia Mghoi. Akamuuliza njia ya Holili ilivyo, nani alimpeleka, alikuwa umbali gani kutoka mpakani aliposhuka. Mghoi akajibu. Mwisho akamuuliza, "Nini kilikurudisha? Hakuna aliyekukamata."

Mghoi akamweleza swali la mwenye pikipiki, kwa maneno yale yale. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika. Jaji aliacha kuandika. Alimtazama Nashipae, aliyekuwa amekaa mapajani kwa Mwakio akihesabu vifungo vya shati lake, kisha akavaa miwani tena.

Hakutoa amri siku ile. Alisema kiapo changu kinaondolewa kwenye faili, wadhamini wengine watafutwe. Alisema Mghoi amevunja sharti, na mahakama haitajifanya haijaona. Mtoto atabaki alipo, chini ya ukaguzi wa kila wiki, kwa miezi minne. Baada ya hapo watarudi. Na mimi nikaonywa kwamba nikileta karatasi ya uongo mbele yake mara nyingine, sitatoka kwa mlango niliouingilia.

Miezi minne si kitu ukiihesabu kwenye kalenda. Sumari alikuja kila Jumanne. Aligonga geti lao, akakaa, akaandika, akaondoka. Kwangu hakuingia tena. Tukikutana njiani alinisalimia shikamoo kwa adabu, bila kusimama. Nilisikia naye aliitwa na wakubwa wake kujieleza. Sikuwahi kumuuliza waliishiaje.

Siku ya uamuzi sikuruhusiwa kuingia, maana sikuwa tena shahidi wa kitu chochote. Nilikaa nje kwenye benchi, kando ya mwanamke aliyekuwa akisubiri kesi ya mirathi. Aliniuliza nina kesi gani. Nikamwambia ya mjukuu. Halafu nikakumbuka nilikuwa nimeapa kuacha uongo, nikamwambia, "Ya mtoto wa jirani."

Mlango ulifunguliwa. Mwakio ndiye aliyetoka kwanza, peke yake, mikono mitupu. Uso wake ulikuwa umekunjamana, machozi yanashuka, na hakuweza kusema. Nilisimama. Nilijua wamemchukua. Nilishika ukuta, na kilichonijia akilini ni kigoda changu na Sumari ameketi juu yake, na mdomo wangu unafunguka.

Lydia akatoka nyuma yake, akaniona nilivyo, akaniwahi mkono. "Imepita, mama! Ametoa amri. Imepita! Mtoto yuko ndani na mama yake, jaji anaandika jina lake kwenye hati."

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu, na baibui langu, watu wakinipita. Mwanamke wa mirathi alininunulia maji. Mghoi alipotoka na mtoto mgongoni alinikuta bado nimekaa, akachuchumaa, akaegemeza paji la uso wake kwenye bega langu.  Nashipae akauliza kama tunakula chipsi leo. Baba yake akasema ndiyo, tukaanza kuteremka ngazi polepole, Lydia amenishika mkono.